Mwangaza Hupunguza Mwendo Majini: Ni Nani Anayeushika Miguu?

Chukua glasi ya maji safi, tumbukiza penseli ndani yake, iegemeze ukingoni kisha uitazame kwa upande. Utaona jambo ambalo umeliona mara mia bila kulitilia maanani: penseli imevunjika pale pale maji yanapoanzia. Itoe, nzima! Irudishe, imevunjika tena! Wala hakuna aliyeiloga. Sisi wa kidato cha tatu tunafundishwa kwamba huo ndio mpindo wa mwangaza. Tunachomeka pini nne, tunachora miale kwenye tofali la kioo, tunapima pembe, tunagawanya, tunapata 1.5, halafu huyoo, tunafunga daftari na kukimbilia chakula cha mchana. Lakini swali lenyewe linabaki maabarani pamoja na zile pini. Mwangaza umepinda kwa sababu umepunguza mwendo. Haya, tumekubali. Ni nini basi kilichoupunguza mwendo? Kioo hakina breki, wala maji hayana polisi wa trafiki.

Nimeliandikia swali hili gazeti la chama chetu cha Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, jibu linalozunguka madarasani, ambalo wengi wetu tunalishika kama sala, lina kasoro kubwa. Pili, kuna ndugu yetu mmoja wa kidato cha nne aliyesimama kwenye mkutano wa chama akasema, tena kwa sauti, ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali tu. Ukitaka kueleza atomi lazima ukimbilie Kiingereza. Hatukugombana naye. Tulimwambia asubiri gazeti. Haya kaka, gazeti ndilo hili.

Tuanze na mwendo wenyewe. Katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa, mwangaza husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Usidhani namba hiyo imekadiriwa. Tangu mwaka wa 1983 wanasayansi waliamua kwamba urefu wa mita yenyewe upimwe kwa mwangaza, kwa hivyo namba hiyo haina kuzidi wala kupungua. Ukipenda, sema kilomita 300,000 kwa sekunde. Ni kama kuizunguka dunia mara saba na nusu kabla hujamaliza kupiga chafya. Kutoka kwenye jua hadi hapa petu, mwendo wa kilomita milioni 150 hivi, mwangaza huchukua dakika 8 na sekunde 20.

Sasa uingize mwangaza huo katika vitu. Katika hewa haupungui sana, mara 1.0003 tu. Katika maji unagawanywa kwa 1.33, unabaki na kilomita 225,000 hivi kwa sekunde. Katika kioo cha kawaida unagawanywa kwa 1.5, unabaki 200,000. Katika almasi unagawanywa kwa 2.42, unabaki kama 124,000, yaani chini ya nusu ya mwendo wake wa awali! Namba hizi za kugawanya ndizo tunazozitafuta kwa pini zetu nne, ingawa wengi wetu huzitafuta ili tupate alama tu.

Watu walijuaje haya? Hapa historia ni tamu, na ningependa tukae kidogo. Mwaka wa 984 hivi, kule Baghdad, mtaalamu aitwaye Ibn Sahl aliandika juu ya vioo vya kuunguzia na kuonyesha kwa mchoro kanuni ya jinsi mwangaza unavyopinda. Kanuni hiyo hiyo sisi huiita ya Snell, Mholanzi aliyeigundua upya mwaka wa 1621, zaidi ya miaka 600 baadaye. Baada ya Ibn Sahl alikuja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, naye akasema kwamba mwangaza hupunguza mwendo ukiingia katika kitu kizito kuliko hewa. Alisema hivyo wakati ambapo hakuna aliyeweza kuupima mwendo wa mwangaza hata kidogo. Mpaka mwaka wa 1676 ndipo Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa Paris, alipotazama miezi ya sayari ya Jupita na kutambua kwamba kupatwa kwake huonekana kumechelewa dunia inapokuwa mbali zaidi. Kumbe mwangaza nao huchukua muda njiani!

Ndipo mzozo ukazuka. Newton, ambaye jina lake halikosekani katika kitabu chochote cha fizikia, alisema mwangaza ni chembe ndogo ndogo. Kwa maoni yake, chembe hizo zikikaribia maji huvutwa na maji, na ndiyo sababu njia yao hupinda. Lakini kitu kinachovutwa huongeza mwendo, sivyo? Kwa hivyo kwa Newton, mwangaza majini unakwenda KWA KASI ZAIDI. Christiaan Huygens wa Uholanzi alikuwa ameandika mwaka wa 1690 kwamba mwangaza ni mawimbi, na kwa hesabu yake mawimbi yanaweza kupinda vile tu ikiwa majini yanakwenda POLEPOLE zaidi. Wawili hawa hawangeweza kuwa sawa wote. Aliyetaka kujua ukweli alihitaji tu kuupima mwangaza majini. Tu! Ilichukua zaidi ya miaka 150.

Mfaransa mmoja aitwaye Arago alipendekeza njia ya kupima mwaka wa 1838, lakini macho yake yakazidi kudhoofika kabla hajaikamilisha. Vijana wawili wa Paris, Fizeau na Foucault, ndio walioichukua kazi hiyo. Fizeau alianza mwaka wa 1849 kwa kuupima mwangaza hewani. Alitengeneza gurudumu lenye meno 720 kama ya msumeno, akapitisha mwangaza katika pengo kati ya meno mawili, ukaenda mpaka kwenye kioo kilichokuwa umbali wa mita 8,633, kutoka Suresnes hadi Montmartre, ukarudi. Gurudumu likizungushwa mara kama 12.6 kwa sekunde, mwangaza unaporudi unakuta jino limeshaziba pengo! Giza! Ukijua gurudumu linazunguka kwa kasi gani, umejua mwangaza umechukua muda gani. Alipata kilomita 313,000 hivi kwa sekunde. Kwa mtu mwenye gurudumu na taa, hiyo si mbaya hata kidogo.

Mwaka uliofuata wote wawili wakawania kuupima mwangaza majini, kila mmoja kwake, ingawa zamani walikuwa marafiki wa kazi moja. Foucault alitumia kioo kidogo kinachozunguka mamia ya mara kwa sekunde. Mwangaza uliopita hewani na uliopita katika bomba la maji ilirudi kwenye kioo kile na kurushwa mahali tofauti kidogo, kwa sababu mmoja ulichelewa kurudi na kuikuta sura ya kioo imeshageuka. Uliochelewa ulikuwa upi? Wa majini. Foucault alitoa taarifa yake mwezi wa Mei 1850, na Fizeau akaleta jibu lile lile mwezi wa Juni. Newton alishindwa, miaka 123 baada ya kufa kwake. (Hata hivyo tusimcheke. Mwangaza una tabia ya chembe pia, lakini hiyo ni hadithi nyingine na mhariri amenipa kurasa chache.)

Kwa nini kupunguza mwendo kulete kupinda? Fikiria mkokoteni wenye magurudumu mawili unaovutwa kutoka kwenye lami kuingia kwenye matope, lakini kwa mshazari. Gurudumu la upande mmoja linaingia matopeni kwanza na kupunguza mwendo, ilhali la pili bado linateleza kwenye lami. Mkokoteni utafanya nini? Utageuka kuelekea upande wa lile lililokwama, hata mwenye kuuvuta akikataa. Ukiingia moja kwa moja bila mshazari, magurudumu yote yanapunguza pamoja, nao haugeuki. Vivyo hivyo mwangaza unaoingia wima kwenye tofali la kioo haupindi, ingawa umepunguza mwendo vile vile. Hapo ndipo wengi hukosea mtihani: wanaandika kwamba usipopinda basi haukupunguza. La hasha!

Na jambo hili si la mtihani tu. Mwangaza unaotoka chini ya maji hupinda unapofika hewani, na jicho lako, ambalo huamini kwamba mwangaza haupindi kamwe, hukuambia kwamba sakafu ya maji iko juu kuliko ilivyo. Ukitazama moja kwa moja chini, kina unachokiona ni kina cha kweli kikigawanywa kwa 1.33. Chukua shimo la machimbo ya mawe lililoachwa na kujaa maji wakati wa mvua. Ikiwa kina chake ni mita 2, wewe utaona mita 1 na nusu. Kijana wa kimo cha kawaida husema moyoni, "Aa, haya yatanifika mabegani tu," kisha hujitosa. Kumbe yanampita kichwani! Tena huo ni mtazamo wa wima. Ukisimama ukingoni na kutazama kwa mshazari, kama watu wote wanavyofanya, maji huonekana mafupi zaidi ya hapo. Kila mwaka tunasikia kwamba watoto wamezama katika mashimo kama hayo, na kila mara watu husema walikuwa watukutu. Watukutu labda walikuwa, lakini macho yao pia yaliwadanganya, na hakuna aliyewaeleza ni kwa kiasi gani. Avuaye samaki kwa mkuki haihitaji hesabu hii kwa maandishi: yeye hulenga chini ya pale anapomwona samaki, la sivyo atalala njaa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni nani anayeushika mwangaza miguu?

Jibu linalozunguka madarasani ni la matatu. Linasema hivi: kwenye ombwe mwangaza ni matatu iliyo kwenye barabara tupu. Ndani ya kioo kuna atomi, na kila atomi ni steji. Matatu inafika, inasimama, abiria wanashuka, wengine wanapanda, kondakta anapiga bodi, inaondoka tena kwa mwendo ule ule. Kati ya steji na steji mwendo haujapungua, ila kwa jumla safari imechelewa. Yaani atomi inaumeza mwangaza, inakaa nao kidogo, halafu inautema. Ni jibu tamu, linakumbukika, na ni rahisi kulichora ubaoni. Taabu yake ni moja: si kweli.

Hebu tulipime. Atomi iliyoumeza mwangaza haikumbuki ulitoka wapi. Ikiutema inaweza kuutemea upande wowote, kushoto, kulia, hata nyuma. Kama kila atomi katika kioo cha dirisha ingefanya hivyo, usingeona kitu nje. Dirisha lingekuwa jeupe kama maziwa au kama ukungu wa Limuru asubuhi. Lakini miale hupita katika kioo ikiwa imenyooka tuli. Tena, matatu hazikai stejini muda sawa, kila mmoja wetu anajua. Hii inangoja abiria mmoja, ile inangoja ijae. Mwangaza ulioingia pamoja ungetoka umetawanyika, mwingine sasa hivi, mwingine baadaye. Na la tatu ndilo linalolimaliza kabisa: atomi haimezi kila rangi. Kila aina ya atomi ina rangi zake chache inazozimeza. Kioo ni kiangavu KWA SABABU atomi zake haziwezi kuzimeza rangi tunazoziona. Huwezi kueleza kioo kwa kitu ambacho kioo hakifanyi.

Jibu la kweli linahitaji subira kidogo, lakini si gumu. Fanya hivi: usiufikirie mwangaza kama gari, ufikirie kama wimbi. Ni wimbi la umeme na sumaku. Linapopita mahali, kila chenye chaji kinasukumwa huku na huku, kama mashua zilizofungwa pale ufukweni Dunga, Kisumu, zinavyopandishwa na kushushwa wimbi la ziwa linapopita. Ndani ya atomi, zilizo nyepesi na rahisi kutikisika ni elektroni. Basi wimbi la mwangaza linaingia katika kioo na elektroni zote zinaanza kucheza kwa mdundo wake. Hazijalimeza wimbi. Zinacheza tu.

Sasa tazama zile mashua tena. Mashua inayopanda na kushuka haikai kimya. Nayo hutoa viwimbi vyake vidogo vinavyoenea pande zote. Elektroni ni hivyo hivyo. Chaji inayotikiswa hutoa wimbi lake yenyewe, la mdundo ule ule. Kwa hivyo ndani ya kioo hakuna wimbi moja tu. Kuna wimbi lililoingia, na kuna viwimbi vya elektroni mabilioni kwa mabilioni, vyote vimechanganyika. Unachokiita mwangaza ndani ya kioo ni JUMLA yao.

Na jumla hiyo ndiyo iliyochelewa. Kwa nini? Chukua ukurasa mmoja mwembamba wa kioo, mwembamba kuliko karatasi. Elektroni iliyo mbele yako moja kwa moja kiwimbi chake kinakufikia mapema. Cha iliyo pembeni kinatoka mbali zaidi kwa hivyo kinachelewa. Cha iliyo pembeni zaidi kinachelewa zaidi. Ukivijumlisha vyote unapata wimbi dogo ambalo liko nyuma ya lile kubwa kwa robo ya mzunguko. Tuseme wimbi kubwa linafika kileleni saa sita kamili. Hili dogo halijafika, litafika baadaye. Ukiyajumlisha mawili, kilele cha jumla hakiwi tena saa sita kamili, kinakuwa saa sita na nukta chache. Kimesogezwa nyuma kidogo sana. Lakini baada ya ukurasa huo kuna ukurasa mwingine, nao unasogeza nyuma kidogo, na mwingine, na mwingine. Mtu anayesimama upande wa pili akipima vilele vinapotokea atasema, "Wimbi hili limekwenda polepole." Naam, jumla imekwenda polepole, ingawa kila wimbi moja moja, lile kubwa na vile vidogo, lilisafiri kwa kilomita 300,000 kwa sekunde bila kupunguza hata chembe! Hakuna aliyeshikwa miguu. Waliochelewesha safari ni wachezaji walioitikia.

Pengine utauliza, mbona viwimbi vinavyokwenda kando havitawanyi mwangaza kama ukungu? Ni kwa sababu atomi zimesongamana mno. Katika urefu wa wimbi moja la mwangaza wa manjano zinapangika atomi kama 2,000. Kwa kila kiwimbi kinachokwenda kando kikiwa kileleni kuna kingine kilicho bondeni, vinafutana. Upande wa mbele ndio pekee ambako vyote vinakubaliana. Nyuma navyo hufutana, isipokuwa kidogo kwenye uso wa kioo, ambako asilimia 4 hivi hurudi. Hao ndio wanaokuonyesha uso wako kwenye dirisha la basi usiku.

Jibu hili linatulipa papo hapo kwa kueleza mambo ambayo matatu haikuweza. Mwangaza ukitoka kwenye kioo unarudia mwendo wake wa awali mara moja. Nani aliusukuma? Hakuna. Nje hakuna elektroni za kuitikia, basi jumla imebaki wimbi moja, na wimbi moja huenda kwa mwendo wake. Pia rangi haibadiliki. Shati jekundu likizama kwenye karai la maji ni jekundu vile vile, kwa sababu elektroni zinacheza kwa mdundo ule ule walioletewa. Kinachobadilika ni urefu wa mawimbi, yanasongamana. Ni kama magari kwenye tuta: yanapofika tutani yanapunguza mwendo na kukaribiana, yakivuka yanaachana tena, lakini idadi inayopita kwa dakika ni ile ile kabla na baada.

Tena linaeleza upinde wa mvua. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Bembea ina mdundo wake. Ukisukuma polepole mno haisogei sana. Ukikaribia mdundo wake inaruka juu. Elektroni za kioo nazo zina mdundo wao, nao uko juu ya urujuani, katika miale ambayo macho yetu hayaioni. Bluu na urujuani ziko karibu na mdundo huo kuliko nyekundu, kwa hivyo zinaitikiwa kwa nguvu zaidi na kucheleweshwa zaidi. Ukipitisha mwangaza mweupe kwenye mche wa kioo, kama Newton alivyofanya, nyekundu inapinda kidogo na urujuani unapinda zaidi, basi zinaachana. Matone ya mvua hufanya kazi iyo hiyo bila kutumwa.

Na linatuonya tusikariri kwamba "kitu kikiwa kizito mwangaza unakwenda polepole." Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji, maana yake ni mepesi kuliko maji. Lakini namba yake ni 1.47 na ya maji ni 1.33. Mwangaza unakwenda polepole zaidi katika kilicho chepesi! Kinachohesabiwa si uzito, ni jinsi elektroni zinavyoitikia.

Hata hewa moja inaweza kuwa na tabia mbili. Adhuhuri kwenye barabara ya Mombasa, hewa iliyogusa lami moto huwa nyembamba, na mwangaza hapo huenda kasi kidogo kuliko katika hewa ya juu yake. Mwale unaotoka mbinguni unapinda na kuinuka kuelekea jicho lako, nawe unaona kipande cha mbingu kimelala barabarani. Unasema, "Maji yale!" Hayo ni mazigazi.

Kuna mwenzangu aliyeniuliza: si Einstein alisema hakuna kinachoweza kuushinda mwangaza mbio? Alichosema ni kwamba hakuna kinachoweza kupita ule mwendo wa ombwe. Majini mwangaza una robo tatu ya mwendo huo, kwa hivyo chembe yenye nguvu inaweza kuupita bila kuvunja sheria yoyote. Mrusi Pavel Cherenkov aliuchunguza mwaka wa 1934 mwangaza wa bluu unaotokea majini chembe zikifanya hivyo, na mwaka wa 1958 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Warusi wenzake wawili, Frank na Tamm, walioeleza sababu yake. Ndio ule mng'ao wa bluu unaoonekana kwenye maji ya mitambo ya nyuklia.

Sisi nasi tunautumia mwangaza uliocheleweshwa kila siku. Mwaka wa 2009 nyaya za faiba za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini. TEAMS inatuunganisha na Fujairah, kule Falme za Kiarabu, umbali wa kilomita 5,000 hivi. Ndani ya faiba ni kioo, kwa hivyo mwangaza umepoteza theluthi ya mwendo wake, nao huchukua kama sehemu 25 za elfu za sekunde kufika. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Mawimbi ya setilaiti hayapunguzwi mwendo na kitu, lakini kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, karibu robo ya sekunde. Aliyecheleweshwa akamshinda asiyecheleweshwa, kwa kuwa njia yake ni fupi.

Je, mwangaza unaweza kupunguzwa kufikia wapi? Mwaka wa 1999 mwanamama wa Denmark, Lene Hau, akiwa Marekani pamoja na wenzake, alipitisha mwangaza katika atomi za sodiamu zilizopozwa hadi karibu kabisa na baridi isiyoweza kuzidi. Mpigo wa mwangaza ulikwenda kwa mita 17 kwa sekunde, yaani kilomita 61 kwa saa. Matatu inayotii sheria ya kilomita 80 kwa saa ingeupita ikipiga honi! Mwaka wa 2001 wakausimamisha kabisa kwa muda mfupi sana, kisha wakauachilia.

Sisi hatuna sodiamu ya baridi hiyo. Lakini maabarani kuna bika za Pyrex, na namba ya kioo hicho ni 1.47 hivi, karibu sawa kabisa na ya mafuta ya kupikia. Mwombe mwalimu ruhusa. Weka bika ndogo ndani ya kubwa, uijaze ndogo mafuta safi mpaka yafurike na kujaza kubwa pia. Huku nje kioo tulikiona kwa sababu mwangaza ulibadili mwendo ukiingia na ukitoka. Ndani ya mafuta mwendo haubadiliki, hakuna mpindo, hakuna wa kurudi nyuma. Bika ndogo inatoweka mbele ya macho yako, na utalazimika kutia vidole kwenye mafuta ili ujue iko wapi.